Babu Alikuwa Keya: Nani Atamshuhudia?

Liko swali moja ambalo mgeni aingiapo mjini Isiolo huenda akalisikia kabla hajamaliza kikombe chake cha kwanza cha chai. Swali lenyewe ni hili: babu yako alifika hapa lini, na ni nini kilichomleta? Kwingineko nchini maneno haya ni ya kupitisha wakati tu, mazungumzo ya barazani baina ya watu wasio na haraka. Mjini Isiolo yana uzito mwingine. Yamewahi kuulizwa na ofisa wa serikali aliyeketi nyuma ya meza, kalamu mkononi, na jibu likaamua iwapo muulizwa ataondoka pale akiwa raia au akiwa mgeni katika mji aliozaliwa.

Familia nyingi za mji huo zina jibu fupi: babu alikuwa Keya. Kijana wa leo huenda asijue maana ya neno hilo, kwa hivyo na tulieleze. Keya ni matamshi ya wazee wetu ya herufi tatu, KAR, zilizosimama badala ya King's African Rifles, jeshi la Waafrika lililoongozwa na maofisa wa Kiingereza tangu tarehe 1 Januari 1902 hadi uhuru, lilipogeuzwa kuwa Kenya Rifles Desemba 1963. Kusema babu alikuwa Keya ni kusema alivaa kaptura ya khaki, akabeba bunduki isiyokuwa yake, na kupigana vita visivyokuwa vyake.

Nia ya makala haya ni kulitazama jibu hilo fupi kwa makini. Ushahidi wake uko wapi? Ni nani aliyeuandika, na ni nani aliyeachwa nje ya maandishi? Na mjukuu akishaupata, autumie kwa jambo gani?

Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, jeshi la Keya lilikuwa na batalioni tatu tu. Vilipokwisha mwaka 1918, batalioni zilikuwa 22. Miongoni mwa walioingia vitani upande wa Waingereza walikuwamo Wasomali, hasa Waisaaq, ambao hapa kwetu huitwa Isahakia, na Waherti. Baadhi yao walikuwa wametoka Somaliland ya Waingereza na Aden, wakawa wafanyabiashara wa mifugo, wasimamizi wa misafara na askari. Mwaka 1914 mlowezi mmoja, Berkeley Cole, aliunda kikosi kidogo cha wapelelezi wa Kisomali. Wengine walitumikia katika batalioni za kawaida, wakiwafukuza Wajerumani wa Paul von Lettow-Vorbeck katika nyika za Tanganyika, hadi jenerali huyo aliposalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918.

Amani iliporudi, serikali ya kikoloni ilijikuta na watu ambao haikujua iwaweke wapi. Hawakuwa walowezi, na haikutaka kuwahesabu pamoja na wenyeji wa maeneo yaliyotengewa makabila. Hivyo basi, katika miaka ya 1920, askari wa zamani wa Kisomali wakapewa mahali pa kukaa na kulisha mifugo yao Isiolo, mahali palipokuwa mpakani mwa mashamba ya Wazungu na ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wameru walikuwa wakiijua kwa mito yake na majira yake kabla ya ofisa yeyote kuichora katika ramani. Lakini mji wa Isiolo, kwa jinsi tunavyoujua, una mizizi yake katika fadhila hiyo ya mfalme kwa askari wake.

Fadhila ya mfalme, hata hivyo, ni kitu cha kuazimwa. Katika miaka ya 1930 serikali ilipotaka kuwatoza Waisaaq kodi ya kichwa pamoja na wenyeji, walikataa. Tangu mwaka 1936 hadi vita vipya vilipozuka walipeleka malalamiko Nairobi na hata London, wakidai wahesabiwe daraja moja na Waasia. Tusifiche jambo hapa: hawakuwa wakidai usawa wa watu wote. Walikuwa wakidai kupanda ngazi moja juu ya majirani zao. Ngazi yenyewe ilikuwa imejengwa na mkoloni, na kila aliyepanda alimkanyaga mwingine. Tutalirudia jambo hili, kwa maana halijafa.

Sasa turuke miaka hamsini. Mnamo Novemba 1989, serikali ya Kenya huru iliamuru raia wote wa asili ya Kisomali waliotimu umri wa miaka 18 wafike mbele ya majopo maalumu, wakiwa na vitambulisho vyao na kila karatasi ya kuthibitisha uraia wao. Waliokubaliwa walipewa kadi ya rangi ya waridi, ikawa kitambulisho juu ya kitambulisho. Amri hiyo haikumtenga mtu aliyevuka mpaka wiki iliyopita na yule ambaye babu yake alizikwa katika ardhi ya Kenya kabla ya Kenya yenyewe kupata jina hilo. Wote waliambiwa wathibitishe.

Hebu fikiria, ndugu msomaji, jinsi jambo hilo lilivyomchoma mjukuu wa Keya. Dola iliyomwandika babu yake kwa namba, ikampima kifua, ikamvika sare na kumpeleka vitani, imerithiwa na dola nyingine inayomwuliza mjukuu: wewe ni nani? Ndipo familia zikafungua masanduku ya bati, zikatafuta nishani na vyeti vya kuachishwa jeshi. Waliokuwa navyo walivishika kama mtu ashikavyo kamba kisimani. Na wasiokuwa navyo je?

Hii ndiyo sababu nasema kwamba kutafuta habari za utumishi wa babu zetu vitani si mchezo wa watu wenye nafasi. Ng'ambo, mtu akistaafu, huweza kujifurahisha kwa kuchora mti wa ukoo wake. Isiolo mti huo umewahi kuwa hati ya kuishi.

Basi mjukuu aanzie wapi? Aanzie nyumbani. Iwapo ipo nishani ya Vita Kuu ya Kwanza, asiitazame usoni tu. Aigeuze aisome ukingoni. Nishani za vita vile ziligongwa maandishi madogo mno kwenye ukingo wake: namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Nishani za Vita Kuu ya Pili walizopewa askari wetu hazikuandikwa majina, kwa hivyo hizo hazitamwambia neno ila kwamba babu alikuwako. Kikiwapo cheti cha kuachishwa jeshi, hicho ni dhahabu, kwa maana kina namba, batalioni na tarehe.

Namba ni bora kuliko jina. Karani wa jeshi aliandika alichosikia, na masikio yake hayakuzoea majina yetu. Msomali hujitaja kwa jina lake, la babake na la babu yake. Karani akachukua mawili akaacha la tatu. Mborana akataja jina lake na la babake, karani akalikoroga kwa tahajia ya Kiingereza. Jina Mohamed peke yake laweza kuonekana kwa sura nne au tano katika daftari moja. Pia wapo walioandikishwa kwa lakabu, au kwa jina walilolibuni siku ile ile langoni mwa kambi. Anayetafuta kwa jina moja na tahajia moja atarudi mikono mitupu, aseme babu alimdanganya, ilhali kosa ni la kalamu.

Hatua ya pili ni Nairobi, katika Makavazi ya Kitaifa yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, katika lile jengo la zamani la benki kwenye barabara ya Moi. Humo mna ripoti za kila mwaka za Wakuu wa Wilaya, Isiolo ikiwamo, pamoja na barua baina yao na wakubwa wao. Ripoti hizo ziliandikwa na watu waliojiona miungu wadogo, na msomaji atakutana na matusi yaliyovikwa adabu. Avumilie. Katikati ya habari za mvua, ng'ombe na magomvi ya visima, huenda akakuta mzee wake ametajwa: aliomba kibali cha malisho, alilalamikia kodi, alipewa kazi ya uaskari wa wilaya.

Hatua ya tatu ni Uingereza, katika makavazi yao ya taifa yaliyoko Kew, kando ya London. Huko ndiko ziliko shajara za vita, yaani daftari ambamo kila kikosi kiliandika mambo ya kila siku. Za Vita Kuu ya Kwanza zimo katika fungu liitwalo WO 95. Za Afrika Mashariki katika vita vya pili zimo katika WO 169. Na za waliopelekwa Burma zimo katika WO 172. Barua za Wizara ya Makoloni kuhusu jeshi la Keya zimo katika CO 534. Mwenye namba na batalioni aweza kufuata kikosi cha babu yake siku baada ya siku: leo walipiga kambi mtoni, kesho maji yalikwisha, keshokutwa walishambuliwa alfajiri.

Magazeti ya zamani nayo yana sehemu yake. Gazeti la African Standard lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, na baadaye likaitwa East African Standard. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina akiba ya magazeti ya aina hiyo. Kwa lugha yetu ya Kiswahili, gazeti la Baraza lilianza kuchapwa Nairobi mwaka 1939, mwaka ule ule vita vya pili vilipoanza. Jeshi lenyewe likachapa Askari kwa ajili ya wanajeshi wa Afrika Mashariki, na Heshima kwa wale waliopelekwa upande wa Asia. Ayasome mjukuu, lakini ayasome kwa tahadhari. Gazeti la jeshi huchapwa ili askari asife moyo. Halichapwi ili mjukuu wake apate kujua ukweli. Humo vyakula ni vingi, maofisa ni wema na adui hukimbia daima.

Na hapa ndipo mtafutaji atakapoliona jambo linalouma kuliko yote. Katika maandishi mengi ya vita vya kwanza, shajara na magazeti sawia, Mzungu akianguka hutajwa kwa jina lake, cheo chake na pengine kwao Uingereza. Mwafrika akianguka huhesabiwa. Utasoma kwamba luteni fulani aliuawa, pamoja na askari saba. Hao saba wana mama zao, wana majina matatu matatu, lakini katika karatasi ni tarakimu moja. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hawa walikuwapo, na bado lao halipo.

Na kama hali ya askari ilikuwa hiyo, ya mpagazi ilikuwaje? Vita vya kwanza katika nchi zetu havikupiganwa kwa magari wala kwa reli. Mbung'o aliua farasi na ng'ombe, kwa hivyo risasi, unga na hata mizinga vilibebwa kwa vichwa vya watu. Mamia ya maelfu walichukuliwa, wengi kwa nguvu, wakaingizwa katika Carrier Corps, jina ambalo ndimi zetu zililigeuza Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor hapa Nairobi. Inakadiriwa kuwa wapagazi wapatao 95,000 walikufa upande wa Waingereza peke yake, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Vita vilipokwisha, maofisa wa tume ya makaburi ya vita waliafikiana na serikali za kikoloni kwamba makaburi ya wapagazi yaachwe yamezwe na pori. Mawe yenye majina yaliwekwa kwa Wazungu.

Badala ya majina, Waafrika walipewa sanamu. Katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi wamesimama watu watatu wa shaba, mpagazi akiwa mmoja wao, tangu mwaka 1928. Chini yao yapo maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, ambayo maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanaahidi kwamba apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Pita hapo siku moja, msomaji mpenzi, uyasome, kisha utafute jina hata moja. Hulioni. Mwenye kuahidi kwamba jina litakumbukwa hakuliandika. Aliwaachia watoto kazi hiyo, kisha akawanyima daftari.

Ilipita karibu miaka mia moja kabla ya kosa hilo kukiriwa. Mnamo tarehe 22 Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyosema kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 waliokufa katika vita vya kwanza walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Siku hiyo hiyo Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Radhi ni njema, lakini haimrudishii mjukuu wa Isiolo jina la babu yake. Jina hurudishwa kwa kutafutwa.

Vita Kuu ya Pili viliikuta Isiolo mlangoni. Italia ilikuwa imeiteka Uhabeshi mwaka 1936, na Wahabeshi waliokimbia walivuka mpaka hadi kwetu. Kambi yao ya kwanza kubwa ilikuwa hapo Isiolo, kabla hawajahamishiwa Taveta. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, barabara ya kutoka Nanyuki kupita Isiolo na Marsabit hadi Moyale iligeuka kuwa njia ya jeshi. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai 1940, askari wa Keya waliokuwa wamezingirwa Moyale waliiacha boma wakapenya gizani. Miezi michache baadaye njia ile ile iliwapeleka askari wa Afrika Kusini hadi Mega, iliyotwaliwa Februari 1941. Upande wa Mto Tana, Keya na wenzao wa Afrika Magharibi walisonga hadi Mogadishu, na Addis Ababa ikaanguka tarehe 6 Aprili mwaka huo. Ni Isiolo iliyoyaona malori hayo yakipita, ikayalisha, na kuwauzia wenye malori ng'ombe na mbuzi.

Je, mwenyeji aliyewaonyesha wanajeshi kisima kilipo amehesabiwa wapi? Huyo hatapatikana katika daftari za jeshi. Wilaya za kaskazini zilikuwa na askari wao wa utawala, waliojulikana kwa vilemba vyao vyekundu, wakaitwa dubas. Wengi wao walikuwa Waborana, Wasomali na jamii jirani. Walijua njia, lugha na maji. Habari zao zimo katika mafaili ya Mkuu wa Wilaya, wala hazimo katika shajara za vita. Kwa hiyo mjukuu wa Mborana wa Garba Tula au Merti anayeambiwa kwamba babu yake hayumo katika orodha ya jeshi asikate tamaa. Huenda ametafutwa katika sanduku lisilo lake.

Kisha ikaja Burma, ambayo wazee waliiita Bama. Wanajeshi zaidi ya 300,000 wa Afrika Mashariki walitumikia katika vita hivyo vya pili, na sehemu yao ilivushwa bahari kwenda kupigana na Wajapani. Tarehe 12 Februari 1944, meli iliyoitwa Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache, na watu karibu 1,300 wakafa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Waliofika Burma walipita bonde la Kabaw mvua ikinyesha, wakafika mto Chindwin huko Kalewa mwishoni mwa mwaka huo.

Kwa hao wa vita vya pili, mtafutaji ana bahati kidogo. Safari hii majina ya wengi yaliandikwa. Yamo katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki ulioko kwenye makaburi ya vita jijini Nairobi, na katika Ukumbusho wa Rangoon huko Burma wenye majina yapatayo 27,000 ya askari wasiojulikana walipozikwa. Tume niliyoitaja ina daftari la majina hayo ambalo mtu yeyote aweza kulipekua bila malipo kwa simu yake ya mkononi, akiwa ameketi Bula Pesa au Kulamawe. Ajaribu kila tahajia.

Hadi hapa huenda msomaji akadhani nawahimiza watu wa Isiolo watafute karatasi ili wazitumie kama ngao. Nakiri kwamba ngao yahitajika. Wanubi wa Kibera, ambao babu zao pia walikuwa Keya, walidai ardhi waliyopewa na mfalme kwa miaka mingi, hadi walipopata hati ya ekari 288 mwaka 2017. Bila kumbukumbu za utumishi wa wazee wao, wangesema nini? Na mnamo Februari 2025 Rais William Ruto alipotia saini huko Wajir tamko la kuondoa usaili wa ziada kwa waombao vitambulisho katika kaunti za mpakani, alikuwa akiyagusa machungu yale yale ya maswali ya mezani.

Lakini ngao yaweza kugeuzwa rungu. Isiolo ya leo imekuwa mji wa kutamaniwa. Barabara ya lami imefika Moyale, uwanja wa ndege umejengwa, na tangu mradi wa LAPSSET uzinduliwe mwaka 2012 kila kipande cha ardhi kimepata bei na wadai wengi. Katika hali hiyo, ni rahisi mtu kuinua nishani ya babu yake na kumwambia jirani: sisi tulipewa hapa na mfalme, nyinyi mna karatasi gani? Na jirani naye ni rahisi kujibu: sisi tulikuwa hapa kabla ya mfalme wako, nyinyi ndio wageni. Wote wawili wanapanda ile ngazi niliyoitaja, ngazi ya mkoloni, na wote wawili wataanguka.

Kwa maana tukubali kwamba karatasi ndiyo kipimo cha kumiliki, basi tumekubali pia kwamba mpagazi wa Kimeru aliyefia njiani bila kuandikwa hana haki. Kwamba dubas wa Kiborana aliyejulikana kwa kilemba chake tu hana haki. Kwamba Mturkana na Msamburu waliouza ng'ombe wao kulisha jeshi hawana haki. Tutakuwa tumeifanya kalamu ya yule karani asiyesikia vizuri kuwa hakimu wa watoto wetu. Katiba ya mwaka 2010 haisemi hivyo. Uraia wa mtu hautokani na bunduki aliyoibeba babu yake kwa niaba ya mfalme.

Kwa nini basi tutafute? Tutafute kwa sababu kila mtu ana deni la kulijua jina la aliyemzaa. Tutafute kwa sababu shajara ya Keya, ikisomwa vyema, haimtaji Msomali peke yake. Inamtaja Msomali, Mkamba, Mnandi, Mnyasa na Msudani waliolala handaki moja na kunywa maji ya kopo moja. Anayeichimba historia hiyo ili ajitenge na jirani yake atakuta imejaa majirani.

Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. La kwanza, serikali ya Kaunti ya Isiolo ifungue daftari la majina, ambamo kila familia, ya kabila lolote na ya dini yoyote, itaandikisha mzee wake aliyekuwa askari, mpagazi, dubas, mpishi au mchunga wanyama wa jeshi, awe na karatasi au asiwe nayo, mradi wapo wazee wawili wa kumshuhudia. La pili, nakala za ripoti za wilaya zilizoko Nairobi ziletwe Isiolo, zikae katika maktaba ambamo mwanafunzi aweza kuzisoma bila kulipa nauli. Mji wenye Shule ya Askari wa Miguu ya jeshi letu haukosi watu wa kuithamini kazi hiyo. La tatu ni letu sisi wenyewe: tuketi na wazee waliobaki, tuwarekodi. Waliopigana Bama wamekwisha karibu wote. Waliobaki ni watoto wao, nao wana mvi, na wanayokumbuka ni masimulizi waliyoyasikia wakiwa magotini mwa baba. Kila msiba unaotangazwa msikitini au kanisani ni faili linalofungwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Waliisema kwa ajili ya biashara, lakini watu ni mali kuliko bidhaa. Yule aliyetunga maneno ya chini ya sanamu alitupa sisi kazi ya kukumbuka majina. Karibu karne nzima tumepita hapo tukikimbilia matatu. Daftari si la kuombwa tena London. Mtu akiulizwa kesho Isiolo babu yake alifika lini na kufanya nini, na awe na jibu lenye jina kamili, la baba na la babu. Na aliyemwuliza, naye awe tayari kulitaja la kwake.